Gari la bima linunue likiwa limebondeka, si likiwa linang'aa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako barua ya msomaji wa Dar es Salaam aliyewahimiza wafanyakazi wa mikoani wanunue magari yanayouzwa na kampuni za bima baada ya ajali. Hoja yake ilikuwa bei: gari la milioni 12 unalipata kwa milioni 8, tena limeshatengenezwa, unawasha unaondoka. Mimi ni fundi bodi hapa Mkuti, Masasi. Magari hayo ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo sitarajiwi kuyapiga vita, na siyapigi. Kilichonifanya nichukue kalamu ni hayo maneno ya "limeshatengenezwa, unawasha unaondoka". Gari la bima linaweza kuwa na faida, tena nzuri. Faida hiyo anaipata anayelinunua likiwa bado limebondeka. Anayelinunua limeshapigwa rangi, mara nyingi anamlipa mtu mwingine faida yake, na hatari anabaki nayo yeye.

Naandika sasa kwa sababu msimu unakaribia. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, madalali wa magari nao wanajua. Wanateremka kusini na Noah, IST na Probox zilizong'arishwa mpaka matairi yamepakwa dawa. Wanapita Masasi, Newala, Tandahimba, na upande wa Lindi wanaingia Nachingwea na Ruangwa. Mtu aliyehangaika miezi yote hiyo na palizi na kupuliza salfa hana muda wa kwenda Dar kuzunguka yadi. Ananunua analoletewa mlangoni, kwa fedha taslimu, na shahidi wake ni shemeji yake anayejua kuendesha bodaboda.

Kwanza tuelewane gari linafikaje huko. Mwenye gari ana bima kubwa. Anapata ajali, anaripoti polisi, kampuni inamtuma asesa. Asesa anaorodhesha kilichoharibika, gereji inatoa makadirio, halafu kampuni inalinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari kabla ya ajali. Gharama ikivuka kiwango ambacho kampuni imejiwekea, kutengeneza hakulipi. Mteja analipwa thamani ya gari, ikitolewa ile sehemu anayojibebea mwenyewe, na mabaki yanakuwa mali ya kampuni. Kampuni nayo inayauza kwa zabuni au kwa mnada ili irudishe kidogo. Mara nyingine mteja mwenyewe anapenda abaki na mabaki, basi wanamkata thamani yake kwenye malipo.

Sasa tazama makadirio yale yalivyofanywa. Gereji kubwa inakadiria kwa spea mpya: taa mpya, bampa jipya, mlango mpya kutoka kwa wakala, na saa za fundi kwa bei ya mjini. Mimi mlango mpya siununui. Nampigia kijana wangu wa Ilala, Dar es Salaam, ananitafutia mlango wa mtumba wa rangi ileile, unapakiwa kwenye buti la basi na kesho yake naupokea stendi. Ndiyo maana gari lililokufa kwenye karatasi za bima linaweza kufufuka kwangu kwa chini ya nusu ya yale makadirio. Pengo kati ya hesabu ya kampuni na hesabu ya fundi ndilo faida yote ya biashara hii, hakuna uchawi mwingine.

Tuchukue mfano. IST iliyokuwa na thamani ya milioni 12 imegongwa, makadirio yamekuja milioni 9, kampuni imelipa, mabaki yameuzwa kwa milioni 4. Spea za mtumba, rangi na ufundi tuseme milioni 3 na nusu. Ongeza lori la kulibeba mpaka huku na gharama za kuhamisha kadi ya gari Mamlaka ya Mapato, TRA, unafika milioni 8 na ushee. Ukitaka kuliuza kwa mtu anayejua historia yake, hatakupa 12. Atakupa 9, akiwa na haraka atakupa 10. Kwa anayelitumia mwenyewe, hapo ameokoa fedha ya maana. Lakini yule dalali anayekuletea likiwa tayari kwa hiyohiyo milioni 8, naye anataka kula. Bei ya mnada hawezi kuipunguza, nauli ya lori hawezi kuipunguza, na rangi hathubutu kuipunguza kwa sababu ndiyo inayouza. Basi anapunguza kwenye matengenezo, na anapunguza pale ambapo jicho lako halifiki.

Nieleze gari moja tu. Mwalimu mmoja wa wilaya ya Nanyumbu aliniletea Raum aliyoinunua mjini, nyeupe, safi, viti vimevalishwa. Shida yake ilikuwa ndogo. "Fundi, inavuta kushoto kidogo. Nifanyie alaimenti niwahi kurudi." Nikapitisha kiganja kwenye tairi la mbele la kushoto, upande wa ndani umelika mpaka nyuzi zinachoma mkono, upande wa nje bado una meno. Tairi likilika hivyo, usikimbilie kurekebisha magurudumu. Angalia kwanza yameshikwa na nini.

Nikalipandisha kwenye jeki. Ule mhimili wa mbele unaobeba injini, wa kulia ulikuwa na vumbi na rangi yake ya kiwandani. Wa kushoto ulikuwa umepakwa lami nyeusi mpya, mbichi kidogo. Nikaukwangua kwa bisibisi. Chini ya lami kulikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, chini ya puti kulikuwa na kipande cha bati kilichoviringishwa kuzunguka chuma kilichokunjamana, na kimeshikizwa kwa nukta za weldingi ya umeme, hata hazikupigwa mstari mzima. Yaani ule mhimili haukunyooshwa. Ulifungwa bandeji.

Nikaingia ndani. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa, ile tunayoiita ebegi, inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime yenyewe. Kwenye Raum ile iliwaka vizuri, lakini haikuzima. Nilipowasha injini ikazima, saa ileile ilipozima taa ya oili. Taa mbili hizo hazina undugu wowote, kwa nini zilale na kuamka pamoja? Nikafungua dashibodi ya mita. Waya mwembamba mwekundu ulikuwa umechomelewa kutoka taa moja hadi nyingine. Nikafungua kifuniko cha usukani. Badala ya mfuko wa hewa kulikuwa na kipande cha godoro kilichokatwa kwa kisu kikakunjwa, ili ukibonyeza kwa kidole usisikie uwazi. Upande wa abiria dashibodi ilikuwa imepasuka, ikagundishwa, ikavalishwa ngozi ya bandia ifanane na viti.

Nikamwambia, "Mwalimu, mifuko ya hewa uliyolipia ni godoro." Akacheka akidhani ni utani. Nilipomwonyesha akakaa chini kwenye tairi. Alikuwa akipeleka wanawe shule na gari lile. Alimpigia aliyemuuzia, tukasikiliza wote kwenye spika. Jibu lilikuwa fupi: "Si uliliona, ukaliendesha, ukasaini?" Na kweli alisaini.

Msomaji aelewe kwamba mfuko wa hewa haufanyi kazi peke yake. Gari likigonga, kisanduku cha umeme kinaamua, mfuko unafumuka haraka kuliko kupepesa jicho, na wakati huohuo mikanda ya mbele inajivuta kwa baruti ndogo ikubane kwenye kiti. Vyote hivyo ni vya kutumika mara moja tu. Baada ya ajali unatakiwa ubadilishe mifuko, mikanda iliyojivuta, na kile kisanduku kishughulikiwe, maana kimehifadhi kumbukumbu ya ajali. Hesabu ya vitu hivyo kwa bei ya dukani ndiyo, mara nyingi, iliyoliua gari kwenye karatasi za bima hata kama bodi haikuumia sana. Sasa mtu akikuambia amelitengeneza kwa bei nafuu, muulize vitu hivyo alivinunua wapi. Hata akijibu kwamba ameweka vya mtumba, usitulie haraka. Mifuko ya Takata ya Japani ilirudishwa viwandani duniani kote kwa mamilioni, kwa sababu kemikali yake inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, na inapofumuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu, Mhariri, ndiyo hali ya hewa ya Lindi na Mtwara. Mfuko wa mtumba uliotolewa kwenye gari la miaka ya 2000, ambao hujui umetoka gari gani, sitaki unitazame usoni.

Na sisi mafundi wa huku tusijitoe. Gereji nyingi za mikoani hazina benchi la kuvutia chasisi. Tuna mwembe. Gari linafungwa mnyororo kwenye shina, mnyororo wa pili unafungwa kwenye lori la Fuso, dereva wa Fuso anaambiwa "taratibu, taratibu, basi!" na fundi anapima kwa jicho moja akiwa amefumba lingine. Kwa Land Cruiser ya zamani au Hilux, yenye chasisi yake peke yake chini na bodi limekaa juu, mwembe unasaidia kweli, nami naukubali. Kwa IST, Raum au Noah ni habari nyingine. Hayo bodi na chasisi ni kitu kimoja, na sehemu za mbele zimetengenezwa zikunjike kwa mpangilio ili zile nguvu za mgongano zisimfikie aliyekaa ndani. Baadhi ya nguzo zake ni za chuma kigumu sana ambacho ukikipasha moto wa gesi ili kilainike unyooshe, kinapoteza ugumu wake na hakirudi. Kwa macho kimenyooka, rangi imekaa. Siku ya ajali ya pili ndiyo utakayojua ulinunua nini. Magari mengi ya namna hii vipimo vya bodi vinavumilia tofauti ya milimita 3 hivi. Mwembe haujui milimita 3.

Kwa hiyo narudia nilipoanzia. Gari likiwa bado limebondeka halina pa kujificha. Unaona limegongwa wapi na limeingia kiasi gani. Unaona mifuko imefumuka au haikufumuka. Unaona alama ya maji. Unaweza kwenda na fundi wako, akapiga hesabu palepale, na ukajua kwamba likikushinda bei, unaliacha. Likishapita kwa mpiga rangi, vyote hivyo vimefutwa kwa laki chache.

Mimi nikienda mnadani nachagua kwa aina ya ajali kabla sijatazama aina ya gari. Lililoibwa likapatikana baada ya kampuni kuwa imeshamlipa mwenyewe ndilo la kwanza kwangu. Mara nyingi limechomolewa redio, taa, betri na matairi, lakini mifupa ni mizima. Lililogongwa nyuma kwenye buti linafuata, ilimradi sakafu ya buti haijakunjika mpaka chini ya kiti. Lililokwaruzwa ubavu mzima, milango miwili na fenda, hilo ni kazi ya wiki na linalipa, mradi nguzo ya katikati haijaguswa. Muuguzi mmoja wa Newala alinunua Probox ya namna hiyo, akaniletea ikiwa juu ya lori pamoja na picha zake zote, na mpaka leo inapanda na kushuka mlima wa Newala bila neno. Lililogongwa mbele na mifuko imefumuka naliacha, isipokuwa bei iwe ya kutupa na mnunuzi awe na fedha ya kununua vitu halisi. Lililopinduka naliacha. Lililoungua hata sigeuzi shingo.

La mafuriko nataka nilisemee peke yake, kwa kuwa limetuzidia. Mwaka 2024 mvua zilitupiga vibaya, Mei kikaja na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja kusini ikakatika upande wa Kilwa, magari yakalala na mengine yakaingia maji. Dar nako mafuriko si mageni. Gari lililozama halina mkunjo hata mmoja, na hapo ndipo linapouzika. Linaoshwa, linaanikwa, linapuliziwa manukato. Ukitaka kulijua, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ule urefu ambao hakuna anayeuvuta siku za kawaida. Tope linakaa pale. Inua zulia chini ya miguu ya dereva, pitisha vidole kwenye reli za kiti, fungua soketi yoyote ya waya iliyo chini ya dashibodi uone kama kuna unga mweupe au wa kijani. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Gari la namna hii linaweza kukuendesha miezi kadhaa, halafu siku moja vioo vinashuka vyenyewe, siku nyingine linakataa kuwaka, na kila fundi wa umeme atakwambia jambo lake.

Ikiwa umeshaletewa lililotengenezwa na moyo umelipenda, fanya haya kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Omba picha za ajali. Kampuni ilizipiga, asesa alizipiga, na aliyenunua mnadani alizipiga kwa simu yake, hakuna gari la bima lisilo na picha. Asiyetaka kukuonyesha anajua kwa nini. Omba na risiti za spea. Beba sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji. Sumaku inashika bati, haishiki puti. Ipitishe kwenye fenda, milango na nguzo uone inaporegea. Fungua boneti, tazama boliti za fenda kama rangi yake imechubuliwa na spana. Soma maandishi madogo kwenye vioo, kimoja kikiwa na chapa tofauti na vingine kuna siku kilivunjika. Mwisho, namba ya chasisi isomwe kwenye chuma, siyo kwenye kibandiko, ilingane na kadi, na chuma chenyewe kilichobeba namba kisiwe na mshono wa weldingi kukizunguka. Kuna magari yameunganishwa nusu kwa nusu, mbele ya huyu nyuma ya yule. Tena angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, maana utalirithi na wewe.

Magari yanayotoka Japani moja kwa moja hayana usalama wa pekee. Mnada wa kule una karatasi yake, na gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa hupewa daraja la R au RA. Mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo huwekewa alama: W pale paliponyooshwa na kupigwa rangi, XX panapobadilishwa kipande kizima. Mwagizaji wako anayo. Mwambie akutumie ile ya awali, si maelezo aliyoyaandika yeye.

Kuna hesabu nyingine ambayo msomaji wa Dar hawezi kuiona akiwa Dar. Yeye gari lake likigoma, Ilala ni daladala moja. Sisi tuko zaidi ya kilomita 500. Gari lililounganishwa kwa vipande vya magari matatu lina kawaida ya kudai kitu kidogokidogo: leo sensa, kesho ekseli isiyo ya mwaka wake, na kila kitu kidogo ni simu, nauli ya basi, na siku za kusubiri. Nikimwambia mteja hivyo ananijibu, "Njomba, gari gari tu, litakwenda." Litakwenda, sikatai. Lakini teremka nalo kutoka Newala kuja Masasi likiwa limepakia watu na mizigo, ndipo utakapojua kama magurudumu manne yanakubaliana yaende wapi. Wa mjini anaweza kuvumilia gari linalovuta kushoto. Kwenye mteremko ule kushoto ni bonde.

Kuhusu bima yenyewe, jambo linalowashangaza wengi: gari lililotoka kwenye bima ni gumu kurudi kwenye bima kubwa. Kampuni ina haki ya kulikagua, kulithaminisha chini, au kukataa. Na mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli. Ukificha kwamba liliwahi kulipiwa kama limekwisha kabisa, siku ya madai wakigundua, una hatari ya kuambulia patupu. Wengi wanaishia kukata bima ndogo, ile ya shilingi 100,000 kabla ya VAT kwa gari dogo la binafsi. Hiyo inamlinda utakayemgonga. Gari lako haligusi. Kwa hiyo unapolinganisha bei na gari safi, linganisha pia na kwamba hili likianguka tena, hakuna atakayekulipa.

Sasa naomba wakubwa wanisikie. Uingereza tangu Oktoba 2017 gari lililolipiwa na bima hupewa herufi: A ni la kusagwa lote, B bodi lisagwe na spea tu zitumike, S mifupa yake imeumia, N mifupa haikuumia. Mnunuzi anaweza kuiuliza historia hiyo kwa namba ya gari. Hapa kwetu, kadi ninazozishika gerejini sijawahi kuona zimeandikwa kwamba gari hili lilishakufa likafufuliwa. Linatoka kwenye mnada, linapigwa rangi, linabadilisha mmiliki, na historia inaishia hapo. Lakini mfumo tayari tunao. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imetuwekea TIRA-MIS. Mtu yeyote mwenye simu anaingiza namba ya gari na kuona kama bima yake ni hai. Kuna ugumu gani ukurasa uleule ukasema gari hili lililipiwa mwaka fulani kama limekwisha, na liliumia wapi, mbele, nyuma au majini? Kampuni zinazo taarifa hizo, zililipa fedha kwa ajili yake. TRA nao wakiweka alama kwenye rekodi ya kadi, dalali hatakuwa na cha kuficha, na sisi mafundi tunaofanya kazi halali tutauza kazi yetu kwa bei yake, kwa sababu mnunuzi ataona nini kilivunjika na ataomba kuona kilivyotengenezwa.

Zaidi ya yote nasemea Hiace na Noah za abiria. Mtu akinunua gari la bima la kwenda nalo shambani, ni roho yake na amechagua. Aliyepanda Mnazi Mmoja ya Lindi kwenda Masasi hakuchagua chochote, amelipa nauli tu, na wala hajui kwamba kiti anachokalia kilitolewa kwenye gari jingine kikafungwa kwa boliti mbili badala ya nne. Mimi kazi za namna hiyo nimezikataa, na najua zikitoka kwangu zinapelekwa kwa mwingine. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na wakaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi waweke sharti kwamba gari lolote lililolipiwa na bima kama limekwisha lisipewe leseni ya kubeba abiria mpaka lipimwe chasisi kwa vipimo vya kiwanda, likiwa halijapakwa lami wala rangi kwa chini. Waanze kabla malipo ya korosho hayajaingia.

Fundi bodi,
Mkuti, Masasi